Rejeta Ikivuja: Yanayoweza Kufanywa Nyumbani na Yanayohitaji Fundi

Barabara ya kupanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi haina huruma kwa gari lenye rejeta inayovuja. Dereva anayeondoka Voi alfajiri akiwa na abiria au mzigo huenda asione dalili yoyote akiwa bado tambarare. Kona za mlima zikianza, injini hufanya kazi zaidi, gari huenda polepole, upepo unaopita kwenye rejeta hupungua, na mshale wa joto kwenye dashibodi huanza kupanda. Tone lililokuwa likidondoka uani usiku kucha sasa limekuwa mvuke chini ya boneti.

Analofanya dereva katika dakika chache zinazofuata ndilo huamua ukubwa wa hasara. Akizima injini na kungoja, huenda akagharamia mpira mmoja au klipu tu. Akiendelea na safari kwa kusema “nitafika tu pale mbele”, silinda hedi inaweza kupinda, gasketi ikaungua, na injini nzima ikahitaji kufunguliwa. Na akikimbilia kufungua kifuniko cha rejeta ikiwa bado moto, maji yanayochemka yanaweza kumrukia usoni, kifuani na mikononi.

Kwa familia nyingi za Taita Taveta gari ni chombo cha kazi. Ndilo hubeba kabeji na nyanya kutoka milimani hadi sokoni Voi, hupeleka abiria Taveta siku ya soko, na usiku huombwa na majirani kumkimbiza mgonjwa hospitalini. Gari hilo likilala gereji wiki mbili, kuna karo isiyolipwa na mzigo unaooza. Ndiyo maana ni vyema kila mwenye gari ajue kuhusu kuvuja kwa rejeta: jinsi ya kukutambua mapema, matengenezo anayoweza kufanya mwenyewe nyumbani kwa usalama, na mahali pa kuacha na kumwita fundi.

Kwa nini maji ya rejeta ni hatari yakiwa moto

Injini inapofanya kazi hutoa joto jingi. Pampu ya maji husukuma maji yaliyochanganywa na kulanti kuzunguka ndani ya injini, yakachukua joto hilo na kulipeleka kwenye rejeta. Hapo hupita katika vijibomba vyembamba vilivyoshikana na mapezi ya bati, na upepo wa safari au wa feni huyapoza kabla hayajarudi kwenye injini. Katika magari mengi madogo, joto la kawaida la maji hayo ni karibu nyuzi 90.

Mjini Wundanyi, ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka yakifika takriban nyuzi 95. Kama rejeta ingekuwa wazi kama sufuria, gari lingechemsha karibu kila linapopanda mlima. Kinachozuia hilo ni kifuniko. Kifuniko cha rejeta kina springi inayoufungia mgandamizo ndani. Katika magari mengi ya Kijapani kimeandikwa 0.9 au 1.1, nambari inayoonyesha mgandamizo kinaoustahimili. Chini ya mgandamizo huo maji yanaweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kifuniko kikifunguliwa, mgandamizo huisha mara moja, na maji yaliyokuwa yametulia hugeuka kuwa mvuke na kuruka juu kwa nguvu. Kitambaa kinene mkononi hakiwezi kumkinga mtu usoni.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza ya kazi yote inayoelezwa hapa ni moja: injini izimwe, na gari liachwe lipoe kwa angalau saa nzima. Kabla ya kugusa kifuniko, mpira mkubwa wa juu wa rejeta uguswe kwa uangalifu na kubonyezwa. Ukiwa bado moto au umejaa na kuwa mgumu, bado kuna mgandamizo ndani. Ukiwa umepoa na unabonyea kwa urahisi, kifuniko kinaweza kuzungushwa polepole hadi kituo cha kwanza ili pumzi iliyobaki itoke, kisha kibonyezwe na kuzungushwa hadi kitoke. Katika baadhi ya magari, kifuniko chenye mgandamizo kiko juu ya tangi la akiba badala ya rejeta yenyewe, na tahadhari ni ile ile.

Jambo la pili ni feni. Feni za umeme katika baadhi ya magari huweza kuanza kuzunguka zenyewe hata baada ya injini kuzimwa. Anayeingiza mikono karibu na rejeta atoe ufunguo wa gari na achomoe waya wa hasi kwenye betri.

Kutafuta mahali panapovuja

Si kila unyevu chini ya gari unatoka kwenye rejeta. Maji safi yasiyo na rangi wala harufu yanayodondoka chini ya upande wa abiria baada ya kutumia kiyoyozi ni ya kawaida. Oili ya injini huwa ya kahawia au nyeusi. Oili ya giaboksi ya otomatiki mara nyingi huwa nyekundu na nzito kiasi. Kulanti huwa na rangi ya kijani, nyekundu, waridi au buluu, huteleza kidogo ikiguswa, na ina harufu ya utamutamu.

Njia rahisi ya kuanza ni kuegesha gari mahali tambarare jioni na kutandaza kipande kikubwa cha katoni chini ya injini. Asubuhi, doa litaonyesha kama kuna uvujaji na uko upande gani. Kisha, kwa mwanga wa tochi, sehemu zifuatazo zikaguliwe moja baada ya nyingine:

1. Mipira miwili mikubwa, wa juu na wa chini. Itafutwe mipasuko, uvimbe, au mahali palipolainika kwa kuguswa na oili. Ncha za mipira, pale klipu inapobana, ndipo panapovuja mara nyingi.

2. Kifuniko na mdomo wa rejeta. Raba ya ndani ya kifuniko ikikauka na kupasuka, maji hutoka taratibu na kuacha alama nyeupe au za rangi ya kulanti kuzunguka mdomo.

3. Matangi ya plastiki ya juu na chini, au ya kushoto na kulia. Rejeta nyingi za kisasa zina kiini cha alumini na matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno ya bati juu ya raba. Plastiki huzeeka kwa joto, hubadilika rangi na kupata ufa mwembamba kama unywele.

4. Kiini chenyewe. Jiwe dogo la barabarani linaweza kutoboa kijibomba. Alama yake ni mapezi yaliyolowa au yenye ukoko wa rangi mahali pamoja.

5. Koki ya kumwagia maji iliyo chini ya rejeta. Wakati mwingine imelegea tu.

6. Pampu ya maji. Pampu nyingi zina tundu dogo la kuonyesha kuwa sili ya ndani imeisha. Maji yakitoka hapo, dawa yake ni pampu mpya.

Uvujaji usipoonekana gari likiwa limepoa, rejeta inaweza kujazwa maji, kifuniko kikafungwa, na injini ikawashwa kwa dakika chache huku mtazamaji akisimama kando. Mgandamizo ukipanda, mahali palipokuwa pamekauka huanza kutoa jasho. Akishapaona, injini izimwe na gari lipoe tena kabla ya kazi yoyote kuanza.

Matengenezo ya mipira, klipu na kifuniko

Haya ndiyo matengenezo yanayomfaa zaidi mtu wa nyumbani, na ndiyo yanayomaliza visa vingi vya kuvuja.

Klipu iliyolegea hukazwa kwa bisibisi hadi mpira ushikike vizuri. Ikikazwa kupita kiasi hukata mpira, na shingo ya plastiki inaweza kupasuka. Klipu iliyoshika kutu ibadilishwe. Ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa dukani.

Mpira ukiwa umepasuka karibu na ncha, na bado una urefu wa kutosha, ncha hiyo inaweza kukatwa kwa kisu kikali sentimita 2 au 3, kisha mpira ukarudishwa na kubanwa upya. Kabla ya kuurudisha, shingo unapoingia isuguliwe kwa msasa laini ili kuondoa kutu na ukoko. Mpira uliopasuka katikati unaweza kuzungushiwa utepe wa raba unaojishika wenyewe, ukivutwa na kupishanishwa tabaka kadhaa juu ya mahali pakavu. Huo ni msaada wa kumfikisha mtu dukani au kwa fundi, na hauwezi kuchukua nafasi ya mpira mpya. Utepe wa kawaida wa fundi wa umeme haustahimili joto hilo.

Mpira mpya uwe wa umbo lile lile la wa zamani. Mpira ulionyooka ukilazimishwa kupinda hukunjika, maji yakazuiwa kupita, na gari likachemsha ingawa halivuji.

Kifuniko kikichakaa kibadilishwe kwa kingine chenye nambari ile ile. Kifuniko cha nguvu zaidi hakiponyi rejeta dhaifu. Huongeza mgandamizo na kupasua sehemu iliyokuwa ikistahimili kwa shida.

Ufa wa plastiki na tundu la kiini

Ufa mdogo kwenye tangi la plastiki, au tundu moja dogo kwenye kijibomba cha alumini, unaweza kuzibwa kwa gundi ya epoksi, ile inayouzwa kwa mirija miwili inayochanganywa. Itafutwe inayoeleza kwenye pakiti kwamba inastahimili joto la injini.

Hatua zake ni hizi:

Kwanza, maji yamwagwe kupitia koki ya chini na kukingwa kwenye beseni au ndoo pana. Gari dogo huwa na takriban lita 4 hadi 7, hivyo chombo kiwe cha kutosha.

Pili, mahali panapovuja paoshwe kwa maji na sabuni, pakaushwe, kisha pasuguliwe kwa msasa hadi pawe na mikwaruzo. Pafutwe kwa kitambaa chenye spiriti ya kusafishia ili kuondoa mafuta, na paachwe pakauke kabisa. Gundi nyingi hubanduka kwa sababu ilipakwa juu ya unyevu au uchafu.

Tatu, ikiwa tundu liko ndani ya kiini, mapezi yanayolizunguka yaondolewe kidogo kwa plaizi yenye ncha nyembamba. Yasiondolewe mengi, kwa kuwa ndiyo yanayopoza maji.

Nne, gundi ichanganywe kwa vipimo vilivyoandikwa, isukumwe ndani ya ufa, na ipakwe kuvuka kingo zake kila upande.

Tano, gundi iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa. Ikiwezekana, gari lilale hadi siku ya pili. Haraka katika hatua hii hupoteza kazi yote.

Ni vyema kusema wazi kwamba kiraka cha plastiki hakidumu. Tangi hupanuka na kusinyaa kila injini inapopata joto na kupoa, na ufa huweza kuendelea mbele ya gundi. Kiraka kizuri humpa mwenye gari nafasi ya kutafuta rejeta nyingine bila kuacha kazi, lakini si cha kutegemewa kwa safari ndefu ya Mombasa au Nairobi.

Rejeta za zamani za shaba, ambazo bado zipo katika baadhi ya malori na magari makuukuu, huchomelewa kwa risasi na mafundi wanaoijua kazi hiyo. Risasi hiyo haishiki kwenye alumini. Mtu asijaribu kuchomelea rejeta ya alumini nyumbani, kwani atapanua tundu alilotaka kuziba.

Dawa za kuziba, mayai na manjano

Madukani kuna dawa za kumimina ndani ya rejeta ambazo huenda hadi kwenye tundu na kuliziba. Kwa tundu dogo kama la sindano zinaweza kusaidia kwa muda zikitumiwa kwa kipimo kilichoandikwa. Hazizibi mpira uliopasuka, klipu iliyolegea wala ufa mkubwa. Zikizidishwa huganda ndani ya vijibomba vyembamba, na gari lililokuwa likivuja likaanza kuchemsha.

Ute wa yai, pilipili ya unga na manjano ni dawa za barabarani ambazo madereva wameelezana kwa miaka mingi. Yai hushikana likipata joto na huweza kuziba tundu kwa safari fupi. Lakini yai halichagui tundu. Hushikana pia ndani ya rejeta, kwenye thamostati na katika vijibomba vya kupasha joto ndani ya gari, kisha huoza. Fundi atakayelifungua gari hilo baadaye atalazimika kusafisha mfumo mzima.

Maji gani yatiwe

Tabia ya kuongeza maji matupu kila asubuhi ni chanzo kikubwa cha kuvuja. Kulanti ina dawa za kuzuia kutu, na pia huongeza kiwango cha joto ambacho mchanganyiko huanza kuchemkia. Kila anapoongeza maji matupu, dereva huipunguza nguvu, na kutu huanza kula injini, pampu na kiini cha rejeta kutoka ndani.

Maji ya visima katika sehemu nyingi za tambarare za kaunti huwa na chumvichumvi. Chumvi na chokaa hubaki ndani ya rejeta kama ukoko ule ule unaoonekana ndani ya birika la chai. Ukoko huo huzuia joto kutoka na huziba vijibomba. Maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri ndiyo yanayofaa kuchanganywa na kulanti, ila chupa isomwe vizuri, kwa kuwa asidi ya betri pia huuzwa katika chupa zinazofanana nayo na itaharibu injini. Asiyeyapata anaweza kutumia maji ya mvua yaliyokingwa na kuchujwa vizuri. Hata haya ni afadhali kuliko ya kisima cha chumvi.

Kulanti nzito isiyochanganywa hutiwa nusu kwa nusu na maji. Ile iliyochanganywa tayari kiwandani hutiwa ilivyo. Rangi pekee haitoshi kuthibitisha aina, hivyo kitabu cha gari au maandishi kwenye chupa yasomwe, na aina mbili tofauti zisichanganywe. Wanunuzi waangalie alama ya ubora ya KEBS kwenye chupa. Nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi wa simu kwenda 20023.

Kujaza upya na kupima kazi

Baada ya matengenezo, koki ya chini ifungwe na waya wa betri urudishwe. Mchanganyiko umiminwe polepole hadi ufike mdomoni mwa rejeta, na tangi la akiba lijazwe hadi alama ya juu. Kidhibiti cha joto ndani ya gari kiwekwe kwenye joto la mwisho, kisha injini iwashwe ikiwa kifuniko bado kiko wazi na maji bado ni baridi.

Viputo vya hewa vitaanza kutoka. Hewa iliyonaswa ndani ni hatari kwa sababu mahali ilipo hapana maji ya kupoza chuma. Mpira wa juu ubonyezwe mara kadhaa kusaidia hewa kutoka, na maji yaongezwe kadiri yanavyoshuka. Mpira wa juu ukianza kupata joto, thamostati imefunguka. Viputo vikiisha na maji yakitulia, kifuniko kifungwe mara moja, kabla maji hayajawa moto sana.

Injini iachwe iendelee hadi feni iwake na kuzima, huku mshale wa joto ukitazamwa. Kisha gari lizimwe na kulala juu ya katoni kavu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, kiwango cha maji kiangaliwe tena. Katoni kavu na kiwango kisichoshuka kwa siku tatu mfululizo ndiyo ishara ya kwamba kazi imeshika.

Wakati wa kuacha na kumwita fundi

Kuna dalili zinazoonyesha kwamba tatizo limevuka rejeta. Mwenye gari akiziona, asiendelee kujaribu nyumbani wala asiliendeshe gari:

• Maji yanapungua kila siku na hakuna tone linaloonekana nje.
• Moshi mweupe mzito wenye harufu ya utamutamu unatoka kwenye ekzosi hata injini ikiwa imeshapata joto.
• Oili ya injini imekuwa kama chai ya maziwa.
• Viputo vinaendelea kutoka kwenye rejeta bila kuisha injini ikiwa inanguruma.
• Zulia la ndani upande wa mbele limelowa kulanti na vioo vinafunga ukungu.
• Katika gari la otomatiki, maji ya rejeta yamekuwa na mafuta ya rangi ya waridi. Rejeta za magari mengi ya aina hii hupoza pia oili ya giaboksi, na vikichanganyika, giaboksi iko hatarini.

Dalili nne za kwanza mara nyingi huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Kuzidi kuongeza maji na kuendelea na safari hugeuza kazi ya gasketi kuwa kazi ya injini nzima.

Anapochagua fundi, mkazi anaweza kuuliza kama ana cheti cha majaribio ya ufundi cha NITA, amwombe aonyeshe kipuri kilichotolewa, na amtake apime mfumo kwa pampu ya mgandamizo kabla na baada ya kazi.

Maji yaliyomwagwa yasiende mtoni

Kulanti nyingi zina kemikali iitwayo ethilini glikoli. Ni sumu, na utamu wake huvutia watoto, mbwa na mbuzi. Kiasi kidogo kinaweza kuharibu figo na kuua. Yaliyokingwa kwenye beseni yatiwe mara moja kwenye dumu lenye kifuniko, liandikwe “sumu”, na liwekwe juu wasikofika watoto. Chupa za soda na za maji ya kunywa zisitumiwe kamwe kuhifadhia kulanti.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kumwaga sumu katika vyanzo vya maji. Kulanti iliyotumika isimwagwe kwenye mtaro, shambani wala kwenye mkondo wowote unaoelekea Mto Voi. Dumu lipelekwe kwenye gereji inayokusanya oili na maji machafu ya magari. Mahali ilipomwagika uani paoshwe na pafunikwe kwa mchanga, na mchanga huo uzolewe.

Mtu akiungua

Aliyerukiwa na maji ya rejeta apozwe mara moja kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20. Nguo, saa na pete zitolewe mapema kabla ya kuvimba, isipokuwa kitu kilichoganda kwenye ngozi. Dawa ya meno, samli, unga, mayai na barafu visitumiwe, kwani huongeza madhara na kumpa daktari kazi ya kuviondoa. Baada ya kupozwa, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi na mgonjwa apelekwe hospitalini. Hospitali za Serikali ya Kaunti ziko Voi, Mwatate, Wesu na Taveta. Aliyeungua usoni, machoni au sehemu kubwa ya mwili asingoje kuona kama atapata nafuu. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Gari likichemsha barabarani

Mshale ukianza kupanda safarini, kiyoyozi kizimwe na kipasha joto cha ndani kifunguliwe hadi mwisho. Hewa itakayotoka itawachoma abiria, lakini inaondoa sehemu ya joto la injini wakati dereva anatafuta mahali salama pa kusimama. Akisimama, azime injini. Pembetatu za tahadhari ziwekwe mbali ya kutosha nyuma na mbele ya gari, na abiria wakae kando ya barabara. Matawi na mawe yaliyowekwa kama alama yaondolewe gari linapoondoka, kwa sababu usiku huua waendesha pikipiki.

Kwenye barabara ya Taveta, hasa baada ya Maktau ambako inapita ndani ya Tsavo Magharibi, abiria wasitawanyike vichakani kutafuta maji. Ndovu na nyati huvuka barabara hiyo mchana na usiku. Wabaki karibu na gari na wapige simu kuomba msaada.

Maji baridi yasimiminwe juu ya injini wala ndani ya rejeta iliyochemka. Chuma moto kikipata baridi ghafla hupasuka. Gari likishapoa kwa saa nzima, maji yaongezwe kidogo kidogo, na safari iendelee tu hadi mahali pa karibu penye fundi.

Wakazi wanahimizwa kuifanya ifuatayo kuwa tabia ya kila Jumamosi au kabla ya kila safari ya mlima: kabla injini haijawashwa, kiwango cha maji kiangaliwe, mipira ibonyezwe, na ardhi chini ya gari itazamwe. Kazi hiyo huchukua dakika tano. Anayeifanya akiwa Mwatate atajua kama gari lake liko tayari kupanda Wundanyi, na kama haliko tayari, atajulia hapo penye fundi na duka la vipuri, kabla ya kuzianza kona.